Somo la Makatibu: Mji Unapofika Shambani

Katika sensa ya mwaka 1978 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 843,090. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Watu hao hawakupangwa juu kwa juu kama magunia ghalani. Wengi wao walijenga nyumba za chini, na ardhi waliyojengea ilikuwa na minazi, mikorosho na mihogo. Chama cha msingi chochote kilicho kandokando ya mji unaokua kina sababu ya kuelewa jinsi badiliko hilo linavyopimwa, kwa maana ramani ndiyo huwekwa mezani siku ardhi inapojadiliwa.

Dar es Salaam haikutanda kama duara. Ilifuata barabara kuu nne, yaani za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, ikafanana na vidole vya mkono. Mashamba ya katikati ya vidole yalisalia kwa muda, kisha nayo yakaanza kujazwa.

Chombo kinachotumika zaidi kuchora badiliko hilo ni sateliti. Marekani ilirusha Landsat ya kwanza Julai 1972, na tangu mwaka 2008 picha zake hutolewa bila malipo. Mtaalamu huchukua picha za mahali pamoja za miaka mbalimbali, akaigawa kila moja kwa aina: majengo, miti, mazao, udongo mtupu, maji. Kisha huzilinganisha.

Hapo yafaa katibu awe mwangalifu. Picha hiyo imeundwa kwa vipande vya mraba. Katika picha za Landsat zinazotumika sana kipande kimoja kina mita 30 kila upande, yaani mita za mraba 900, pungufu kidogo ya robo ekari, na kila kipande hupewa jina moja tu. Nyumba iliyo chini ya minazi humezwa na minazi. Shamba lililolimwa wakati wa kiangazi nalo, kwa kuwa ni udongo mtupu, laweza kuhesabiwa kuwa mji. Kulinganisha picha ya masika na ya kiangazi ni kujitafutia kosa. Picha za Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza mwaka 2015, zina vipande vya mita 10 na huonyesha vizuri zaidi. Lakini hata hizo hazionyeshi mpaka wala mwenye shamba.

Upungufu huo ndio mzito. Mkulima huuza ekari mbili. Mnunuzi huzikata viwanja. Mikorosho haipuliziwi tena salfa. Miaka hupita ndipo matofali yaletwe. Muda wote huo sateliti huona miti, na ramani husema ni shamba. Katibu huona mapema zaidi, kwenye mizani: mwanachama aliyekuwa akileta magunia kumi analeta mawili, naye bado yupo kijijini, mzima wa afya.

Kwa hiyo daftari la chama ni sehemu ya ramani. Huandikwa jina la mwanachama, kitongoji, ukubwa wa shamba kwa ekari, majirani wa pande nne, idadi ya miti inayozaa, na mwaka. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatambua kwamba haki katika ardhi ina thamani, na inataka fidia iwe kamili, ya haki na itolewe mapema. Sheria Na. 5 ya mwaka huohuo inakiwezesha kijiji kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Asiye na maandishi hufika kwenye fidia akitegemea kumbukumbu za majirani, ambao huenda wamekwisha kuuza na kuhama.

Uchoraji wenyewe hauhitaji mpimaji kila mara. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam walichora mitaa inayofurika maji kwa kuizungukia kwa miguu, wakisaidiwa na picha za ndege zisizo na rubani. Chama chaweza kuanza na karatasi: barabara, mto, ghala, kisha mashamba moja moja, wenye mashamba wakiwapo. Mchoro hutiwa tarehe na sahihi za majirani. Nakala moja hubaki chamani, nyingine hupelekwa ofisi ya kijiji, na kila baada ya msimu wa mauzo hurudiwa.