Cheo Katika Banda la Kuku

Kuku hula pamoja, lakini hawali sawasawa. Watazame mitetea sita wa banda moja wanapomwagiwa mtama. Mmoja huwadonoa wote, wala hadonolewi na yeyote. Wa pili huwadonoa wengine, ila humwepuka yule wa kwanza. Na vivyo hivyo mpaka yule wa mwisho, adonolewaye na wote. Jambo hili lilielezwa mwaka 1922 na Thorleif Schjelderup-Ebbe, mtu wa Norwe, aliyeanza kuwachunguza kuku tangu utoto wake.

Utaratibu huo una faida: kila kuku akijua mahali pake, vita hupungua. Lakini cheo hakidumu milele. Mkubwa akiugua, au manyoya yake yakipukutika, walio chini yake humjaribu, na pengine humshusha. Mtetea mnyonge akitotoa vifaranga huwa mkali, na pengine hata wakubwa humpisha. Kuku mgeni akiingia, vita huanza upya mpaka mahali pake pajulikane.

Basi mfugaji mwangalifu hamsahau yule wa mwisho, maana aweza kukonda ilhali chakula ni tele. Humwaga chakula mahali pawili au patatu. Kuku akitoka damu humtenga upesi, kwa sababu wenziwe huzidi kulidonoa jeraha, hata pengine wakamwua.

Maswali
1. Kwa nini vita hupungua kila kuku ajuapo mahali pake?
2. Ni mambo gani yawezayo kubadili cheo cha mtetea?