Tujifunze: Kioo cha Dirisha Kinavyotengenezwa

Katika makadirio ya ujenzi wa darasa au zahanati, vioo huandikwa mstari mmoja tu: idadi na bei. Mara nyingi kamati hupitisha mstari huo bila kuuliza ni kioo gani. Katika somo hili tunaeleza kioo kinavyotengenezwa, ili kamati za parokia na wahisani wetu wajue wanacholipia.

Malighafi

Kioo ni mchanga ulioyeyushwa. Mchanga peke yake huhitaji joto la takriban nyuzi 1,700 za Selsiasi, kwa hiyo huchanganywa na magadi ili uyeyuke kwa joto dogo zaidi. Huongezwa pia chokaa, kwa sababu kioo cha mchanga na magadi pekee huharibiwa na maji. Magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi, Kenya, hutumika katika kazi hii.

Kutoka kupuliza hadi kuelea

Warumi walikuwa na vioo vya madirisha katika karne ya 1 BK, lakini vilikuwa vinene na havikuonyesha vizuri. Baadaye mafundi wa Ulaya walitumia njia mbili za kupuliza. Katika ya kwanza, fundi alipuliza puto la kioo kwenye ncha ya bomba la chuma, kisha akalizungusha kwa kasi mpaka likafunguka kama sinia. Katikati palibaki kovu nene, hivyo vipande vizuri vilikuwa vidogo. Katika ya pili, puto lilirefushwa kama gogo lenye uwazi, likapasuliwa kwa urefu na kukunjuliwa ndani ya tanuri. Kwa njia hiyo vilipatikana vioo karibu 300,000 vya jengo la maonyesho la Crystal Palace, London, mwaka 1851.

Aliyetaka kioo kilichonyooka kabisa alilipa zaidi. Huko Ufaransa, tangu karne ya 17, kioo kilimwagwa juu ya meza ya chuma, kisha kikasuguliwa pande zote mbili. Mwanzoni mwa karne ya 20, Émile Fourcault wa Ubelgiji alibuni mashine ya kuvuta kioo kutoka tanurini. Bei ilishuka, ila kioo kilikuwa na mawimbi.

Mwaka 1952 Alastair Pilkington wa Uingereza alianza majaribio ya njia nyingine, iliyotangazwa mwaka 1959. Kioo cha moto, takriban nyuzi 1,100, humiminwa juu ya bwawa la bati lililoyeyuka. Hapa hatuzungumzii mabati ya kuezekea, bali madini laini yaliyomo katika waya wa kuchomelea wa mafundi redio. Kioo ni chepesi kuliko bati, hivyo huelea na kutandaa chenyewe, laini juu na chini, bila kusuguliwa. Kisha hupoozwa polepole kisije kikapasuka. Kiwanda cha vioo vya aina hii kilizinduliwa Mkuranga, Tanzania, mwaka 2023.

Funzo kwa kamati

Njia ya kuelea ilileta kioo kizuri kwa bei nafuu, lakini haikukifanya kiwe salama. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye makali. Kwenye mlango au dirisha la chini, mahali watoto wanapokimbia, hiyo ni hatari kubwa.

Zipo aina mbili zilizo salama zaidi. Ya kwanza hupashwa joto upya, zaidi ya nyuzi 600, kisha hupulizwa hewa baridi kwa ghafla. Ikivunjika huwa punje ndogo. Ya pili ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki. Vikivunjika, vipande hubaki vimeshikamana.

Tahadhari: aina ya kwanza haiwezi kukatwa ikishaimarishwa. Ikiagizwa kwa vipimo vya kukisia, fedha imepotea. Fremu ziwekwe kwanza, zipimwe, ndipo oda itolewe.

Si lazima kila dirisha liwe na kioo cha gharama. Cha kawaida kinafaa juu. Nyongeza ya fedha ielekezwe pale mwili wa mtoto unapoweza kugonga.

Maswali ya kujadili

1. Katika majengo yetu, ni vioo vipi viko chini ya kimo cha mtoto?
2. Je, makadirio yetu yanataja aina na unene wa kioo, au idadi tu?
3. Nani atapima fremu kabla ya kuagiza, na nani atahakiki vipimo vyake?