Somo: Aliyeacha Mshahara wa Pugu

Vijana wengi wafikao Temeke na Kinondoni hutuambia wametoka kwao kutafuta maisha. Hatuwalaumu. Lakini twawauliza: umeacha nini, na mzigo umemwachia nani?

Tutazame habari za Julius Nyerere. Mwaka 1955 alikuwa mwalimu katika shule ya Wakatoliki huko Pugu, mwenye shahada ya Edinburgh na mshahara wa hakika. Mwezi wa Machi alinena mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Aliporudi ikampasa kuchagua: ualimu au TANU, chama kichanga cha mwaka 1954. Akaacha ualimu. Wala hakuwa kapera. Alikuwako Maria, aliyemwoa mwaka 1953. Baadaye wakakaa Magomeni, katika nyumba ambayo sasa ni makumbusho.

Watu husifu ushujaa wa mume, wakampita mke kimya. Nasi wahubiri tumefanya vivyo hivyo: Abramu alipotoka Harani, mwenye miaka 75, alimchukua Sarai, wala hatusomi kwamba Sarai aliulizwa.

Makatekista, liulizeni darasani: kijana ajapo kuaga, waliobaki nyumbani wamesema nini?