Habari za Kindi, na Namna ya Kuzoeana Naye

Mtu apandaye kutoka pwani mpaka Korogwe, kisha akashika njia ya kusini kuelekea Handeni, huliacha nyuma bonde la mto Pangani na mashamba yake ya mkonge, akaingia nchi ya Uzigua, nchi ya vilima vidogo na vichaka, mikwaju na mibuyu, na mashamba ya mahindi. Katika nchi hiyo, mahindi yaanzapo kutia punje, mkulima hujenga dungu lake ukingoni mwa shamba, akaketi juu yake tangu alfajiri mpaka jua kuchwa, akiamia ndege na kuwafukuza nyani na ngedere. Kazi ya dungu ni kazi ya upweke na subira. Huko ndiko mtu apatako nafasi ya kumtazama kindi kwa utulivu, kwani kindi naye ni mnyama wa mchana: hutoka jua lipandapo na hurejea tunduni mwake kabla ya magharibi.

Watu wengi wamjua kindi kwa mambo mawili tu, mkia wake na wizi wake. Kwa hivyo kijana akimwona humwokotea jiwe, asijue kuwa huyo amtupiaye jiwe alikwisha kumwona yeye kabla hajainama.

Ifahamike kwanza ya kuwa kindi wa nchi hizi si namna moja, na majina yao hupishana baina ya mji na mji. Huku huitwa kindi, kule kidiri, na kwingine kuchakuro, na pengine jina la mmoja hupewa mwingine. Aonekanaye sana vichakani, tangu kusini ya nchi ya Wasomali mpaka pwani ya Afrika ya Kusini, ni yule mdogo ambaye tumbo lake na mkia wake ni mwekundu kama kutu, na mgongo wake ni wa rangi ya majivu na hudhurungi. Uzito wake ni kadiri ya ratili moja au kasoro. Yuko wa pili, mkubwa zaidi, mwenye mkia wa mapete mapete, apendaye kujinyosha tawini asubuhi akiota jua. Huyo yupo bara na yupo Unguja na Mafia pia. Mmarekani Frederick True alimwandika katika elimu ya wanyama mwaka 1892, na Wazungu wa leo wamempa jina la Zanji, lile lile ambalo Waarabu wa zamani waliiitia pwani yetu. Wa tatu hapandi miti. Yeye hukaa mashimoni katika nyika kavu za upande wa Mkomazi, na huyo ndiye hasa afukuaye mbegu ardhini. Maneno yafuatayo aghalabu ni ya kindi wa mitini.

Umbo lake lafaa kutazamwa vema. Meno yake ya mbele, mawili juu na mawili chini, hayakomi kukua maisha yake yote. Asipotafuna vitu vigumu yatarefuka mpaka yamzuie kula, na kwa sababu hii humwona akiguguna kokwa, gome la mti, hata mfupa mkavu. Mguu wake wa nyuma waweza kugeuka kifundoni hata kucha zikatazama nyuma, na kwa hilo huteremka mtini kichwa chini pasipo kuanguka, jambo ambalo paka haliwezi. Macho yako pande za kichwa, naye huona mbele na karibu na nyuma kwa mara moja. Ama mkia, huo una kazi nyingi. Ni mizani yake arukapo, ni nguo yake alalapo, na ni ulimi wake wa pili. Kindi mmoja wa ardhini akaaye kusini kabisa mwa Afrika huuinua juu ya mgongo ukamfunika kama mwavuli, akala chini ya kivuli chake mwenyewe wakati wa jua kali.

Kuhusu ulimi huo wa pili yapasa kusema zaidi, kwa kuwa ndio mlango wa urafiki wote. Kindi akishuku jambo husimama kimya, mwili umeganda, mkia umelazwa. Shaka ikizidi, mkia huanza kupigapiga kwa mikupuo mifupi. Ikizidi tena hutoa sauti ya kutatarika, akiirudiarudia kwa muda mrefu, na wenziwe walio karibu huacha kula. Mtu aliye dunguni akiisikia sauti hiyo hafai kuipuuza. Mara nyingi iko sababu: mwewe juu, au nyoka mtini. Ndugu yake mmoja wa misitu ya miombo ajulikana kwa kukusanyika na jamaa zake wakamkabili nyoka, wote wakitatarika na kupiga mikia, mpaka nyoka akaona heri aende zake. Jamaa hao hujuana kwa harufu. Hupangusa vinywa vyao matawini, na mgeni asiye na harufu yao hufukuzwa.

Chakula chake ni matunda, kokwa, mbegu, maua, majani machanga, na wadudu pia. Akipata kingi hakili chote. Hukichukua kimoja kimoja, akafukua kishimo, akakitia, akakifukia na kupigapiga udongo kwa mikono yake. Watu husema kuwa akisha kufukia husahau. Jambo hili lilijaribiwa. Mwaka 1991 Lucia Jacobs na Emily Liman wa Marekani waliandika habari za kindi wa kijivu wa nchi yao, ambao kila mmoja aliachiwa afiche njugu kumi katika uwanja. Baada ya siku 2, au 4, au 12, kindi walirudishwa uwanjani, na kila mmoja akazirudia njugu zake mwenyewe zaidi kuliko zile zilizofichwa na wenziwe hapo hapo karibu. Basi hukumbuka mahali, wala hatafuti kwa pua peke yake. Na mwaka 2008 ikaandikwa juu ya kindi hao hao ya kuwa mmoja akijua anatazamwa na mwizi, hufukua shimo, akajifanya anatia njugu, akafukia shimo tupu, na njugu ingali kinywani. Zile ambazo hazifukuliwi, ama kwa kuwa mwenyewe amekufa au amepata nyingi kupita haja, huota. Miti mingine ya kichakani haikupandwa na mtu.

Sasa mwenye kutaka kuzoeana naye afanyeje? Kwanza achague mahali pamoja na saa moja, asibadilibadili. Dungu ni mahali pazuri kwa sababu hii: mtu yupo kila siku, yuko juu, na kazi yake yamlazimu kukaa. Avae nguo zile zile. Asimtazame kindi uso kwa uso, kwani kila mnyama aliwaye huyajua macho ya amwindaye. Aketi upande, amtazame kwa pembe ya jicho. Siku za kwanza kindi atatatarika na kukimbia. Mtu asimfuate hata hatua moja. Baada ya siku kadha atatatarika asikimbie, na hii ndiyo hatua kubwa ingawa yaonekana ndogo, maana sasa anamwambia mtu kuwa amemwona na anataka ajue kuwa ameonwa. Kisha itakuja siku atakayokula mbele yake akimpa ubavu. Mnyama ampaye mtu ubavu amekwisha kumhesabu kuwa kama kisiki.

Hapo wengi huharibu. Mtu hufurahi, akaleta karanga, akanyosha mkono. Kama ni lazima kumpa kitu, basi na kiwe kidogo, kibichi, kisichotiwa chumvi wala kukaangwa, kiwekwe tawini mbali na dungu, na si kila siku. Bora kuliko hayo ni kutompa kitu kabisa, na yule asiyempa ndiye ajifunzaye zaidi, maana atamwona kindi afanyavyo mwenyewe, wala hatamwona mwombaji. Subira hii haina muda uliokatwa. Kindi mmoja huzoea kwa wiki mbili, na mwingine mwaka mzima hazoei, hasa jike mwenye watoto tunduni.

Mkono usimguse. Sababu ya kwanza ni meno yake, ambayo hupasua kokwa ya embe na hayashindwi na kidole. Ya pili ni viroboto. Mwaka 1980 maradhi ya tauni yalizuka katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto, ambayo ni jirani ya Korogwe, yakawa yakirudi kwa zaidi ya miaka ishirini, wakaugua watu maelfu na wakafa mamia. Waliolaumiwa hasa ni panya na viroboto vyao, lakini kindi ni wa ukoo huo wa wanyama wagugunao, naye hakosi viroboto. Aumwaye na kindi na aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aende hospitali. Na kindi aliyekutwa amekufa pasipo jeraha asiokotwe kwa mkono mtupu, wala watoto wasimchezee.

Sababu ya tatu ni ya kindi mwenyewe. Kindi aliyemzoea mtu mmoja hufikiri kuwa amewazoea watu wote. Hushuka mtini mbele ya mbwa wa jirani, na mbele ya kijana mwenye manati. Mwenye kumlisha mkononi amemvua silaha yake, nayo ni hofu, kisha amemwacha njiani. Ama kumtia tunduni mwa waya na kumpeleka nyumbani, hilo lakatazwa na serikali kwa asiye na kibali, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Na katika dini, habari ya yule mwanamke aliyemfunga paka asimpe chakula wala asimwache ajitafutie yajulikana na kila aliyesoma chuoni.

Huenda msomaji akauliza: Mnyama huyu ni halali? Damiri, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 808 wa Hijra, yaani 1405, amemtaja sinjabu katika Hayatul Hayawani, akaeleza ulaini wa manyoya yake, na kwamba ana hila nyingi, na kwamba amwonapo mtu hupanda mti mrefu. Sinjabu huyo ni wa nchi za Waturuki, na kindi wa Uzigua ni nduguye wa mlango mmoja. Katika madhehebu ya Shafi, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa sinjabu ni halali. Lakini uhalali huu ndio uletao jambo ambalo vijana wengi hawalifikiri. Kindi apigwaye jiwe la manati akafa papo hapo ni mzoga, kwa kuwa ameuawa kwa kupondwa, na halaliki ila akiwahiwa angali hai uhai wa hakika akachinjwa. Tena mnyama aliwaye hauawi kwa mchezo pasipo nia ya kumla. Basi yule kijana aliyemwangusha kindi kwa jiwe na kumtupa kichakani amekosa mara mbili, wala hakupata hata kitoweo.

Lakini mahindi je? Mkulima wa Handeni ambaye mvua za vuli zimemwendea vibaya, naye ana pishi chache tu za mbegu, hawezi kuambiwa astahimili tu. Wanachuoni wamesema kuwa mwenye kuvamia mali huzuiwa kwa lililo jepesi kwanza, likishindikana ndipo lizidilo. Na lililo jepesi hujulikana kwa kumtazama mnyama, ndiyo faida ya siku zile za dunguni. Aliyemtazama amejua ya kuwa kindi wa mitini hapendi kupita uwanda mtupu kwa hofu ya mwewe. Basi akifyeka ukanda kati ya kichaka na shamba, akakata matawi yaliyoinamia mahindi, amemfungia njia kubwa. Amejua ya kuwa yule wa ardhini hufukua mbegu katika siku za mwanzo, kabla mche haujashika. Basi ulinzi wa siku hizo chache, tangu asubuhi, una faida kuliko mitego ya mwezi mzima. Na ajua ya kuwa kindi hafanyi kazi usiku, hivyo mahindi yaliyoliwa usiku asimsingizie. Amtafute nguruwe au nungu.

Limebaki jambo la watoto wa kindi, kwani hutokea mara nyingi mti ukatwapo. Kindi mwekundu huzaa mtoto mmoja au wawili tu, katika tundu la mti alilotandika majani. Akatae mkata mti kumchukua mtoto nyumbani kwa huruma, maana wengi wa hao hufa kwa maziwa ya ng'ombe. Amweke juu ya majani makavu chini ya shina la mti ulio karibu, mahali siafu hawapiti, amguse kwa kitambaa, kisha aondoke aende mbali asionekane. Mama akiwa hai hakawii sana. Hushuka, akatazama pande zote, akamwuma mtoto kwa ulaini katika ngozi ya tumbo, na mtoto akamviringikia shingoni kama ukosi, akapanda naye.