Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kwenye tangi langu la maji ya chumvi wamo samaki wawili wa rangi ya chungwa, kila mmoja na mistari mitatu myeupe. Ni samaki-anemoni, jamii ya yule Nemo wa filamu ya katuni ya mwaka 2003. Niliwanunua wakiwa hawajafika urefu wa kidole gumba, na baadaye nikawaletea anemoni. Nilidhani watamkimbilia siku hiyo hiyo. Hawakumkaribia. Kila jioni walikwenda kulala kwenye kona, chini ya pampu, wakijisugua kwenye bomba lake kana kwamba ndilo waliloumbiwa. Miezi mitatu ikapita hivyo.

Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilianza na jibu kabla ya swali. Tuanze basi na swali lenyewe: anemoni ni nini, na samaki anatafuta nini kwake?

Anemoni ni mnyama, ingawa kwa sura ni kama ua. Ana mguu mmoja mpana unaong'ang'ania mwamba na mdomo mmoja katikati, nao umezungukwa na minyiri. Chakula huingia kwa mdomo huo, na mabaki hutokea humo humo. Hana ubongo wala macho. Ndugu zake ni matumbawe na konyeza, yule anayewawasha waogeleaji wa pwani.

Mnyama asiyeweza kukimbia anahitaji silaha, na ya anemoni iko kwenye minyiri. Kila mnyiri umejaa vifuko visivyoonekana kwa macho matupu. Ndani ya kifuko umekunjwa uzi wenye sumu, umebanwa kwa shinikizo kubwa. Kwa haidra, jamaa yake wa maji baridi, wanasayansi wamekadiria shinikizo hilo kuwa mara 150 hivi ya lile la hewa tunayovuta, na wamepima kwamba uzi hufyatuka kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ukishafyatuka haurudi. Kifuko hicho kimekwisha kazi, na anemoni hana budi kutengeneza kingine.

Hapo ndipo penye fumbo. Ikiwa kila mshale ni gharama, anemoni hawezi kupiga kila kinachomgusa. Mchanga humgusa, mkondo humgusa, hata minyiri yake yenyewe hugusana. Kwa hiyo silaha yake husikiliza mambo mawili: mguso, na ladha ya kinachogusa. Baadhi ya sukari zilizomo kwenye ngozi na ute wa wanyama humwamsha anemoni, na vifuko vikishaamka, mguso mdogo tu unatosha kuvifyatua. Moja ya kemikali hizo ni asidi ya siali.

Sasa mtazame samaki. Mwili wake umepakwa ute, kama wa samaki yeyote uliyewahi kumshika akakuteleza mkononi. Lakini uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba ute wa samaki-anemoni una asidi ya siali kidogo sana. Ni kama mtu apitaye gizani bila kunukia chochote: mlinzi anahisi kuna kitu, ila hapati sababu ya kupiga.

Ute huo peke yake hautoshi kila mara. Mwaka 1958 watafiti wawili wa Marekani, Demorest Davenport na Kenneth Norris, walieleza jinsi samaki-anemoni anavyomzoea mwenyeji wake hatua kwa hatua. Hugusa kwa ncha ya pezi, akajivuta nyuma. Hurudi kwa mkia, kisha kwa tumbo, akiwa haachi kujitikisa. Huchukua dakika, wakati mwingine saa nyingi, mpaka miguso haimdhuru tena. Akitenganishwa naye kwa muda mrefu, huenda akalazimika kuanza upya.

Je, taabu yote hiyo ni ya nini? Samaki huyu ni mdogo, haogelei kwa kasi, na rangi zake zinaonekana mbali. Mwambani kila mwenye mdomo mkubwa kumshinda angemla. Katikati ya minyiri hakuna anayethubutu kumfuata.

Naye mwenyeji hapati hasara. Ndani ya mwili wa anemoni huishi mwani wa chembe moja, unaotengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumgawia. Amonia inayotoka kwa samaki ni mbolea ya mwani huo. Usiku, samaki anapojigeuzageuza kati ya minyiri, huyasukuma maji na kumletea anemoni oksijeni. Mchana huwafukuza samaki-kipepeo wanaokuja kumdonoa. Wahenga waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakuwa na habari za anemoni, lakini neno lao limemfika barabara.

Turudi tangini. Samaki wangu walizaliwa kwenye vituo vya kuzalishia samaki. Baharini, dume huyalinda mayai kwenye jiwe kando ya anemoni, akiyapepea kwa mapezi kwa wiki moja hivi. Vifaranga wakishaanguliwa hupeperushwa na maji kwa siku kumi na zaidi, kisha hurudi mwambani wakifuata harufu ya anemoni. Wangu hawakuwahi kuisikia harufu hiyo.

Zaidi ya hapo, niliwaletea mwenyeji wasiyemjua hata kwa ukoo. Duniani kuna aina zaidi ya 1,000 za anemoni, lakini ni kama 10 tu zinazopokea samaki hawa. Aina yangu, Amphiprion ocellaris, kwa asili hukaa na tatu kati ya hizo. Mimi nilinunua Entacmaea quadricolor, yule mwenye ncha zilizovimba, kwa sababu ndiye anayestahimili tangi zaidi. Huyo ni mwenyeji wa kawaida wa Amphiprion allardi, samaki wa miamba ya Kenya na Tanzania.

Na kubwa kuliko yote, tangini hakuna adui. Samaki hana wa kumkimbia, bali silika ya kujificha bado anayo. Basi huishikiza kwenye chochote kinachoyumba au penye mkondo: tumbawe laini, kishada cha mwani, hata pampu. Silika yake ni nzima kabisa. Kilichopungua ni mazingira.

Kumsukuma kwa wavu aingie kwenye minyiri ni kumtesa bure. Kazi ya mfugaji ni kumtunza mwenyeji kwanza. Anemoni anahitaji mwanga mkali, maji ya nyuzi 25 hadi 27, na chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji, bila kuyumba. Tangi liwe limekaa angalau miezi sita, bakteria wanaoondoa amonia wawe wameota vya kutosha. Akigeuka mweupe, mwani wake umemtoka, na njaa inamkaribia. Tena anemoni hutembea kwa mguu wake, kwa hiyo pampu ifungwe sifongo. Akivutwa humo hukatwakatwa, na mzoga wake huweza kuua tangi zima.

Nilipofunga sifongo ile, niliihamishia pampu upande wa pili. Mkondo ukahama nao, na ile kona ikawa kona tu. Siku ya tano, karibu na kuzima taa, yule mkubwa, ambaye ndiye jike, alisogea akagusa mnyiri kwa mkia, akaruka nyuma. Alirudi mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Asubuhi nilimkuta amelala katikati, minyiri imemfunika mpaka machoni. Dume alimfuata baada ya siku mbili.

Juzi niliwatupia vipande vya kamba. Jike alikimeza kimoja. Cha pili alikibeba mdomoni, akashuka nacho, akakiacha juu ya minyiri. Minyiri ikajikunja polepole kuelekea mdomoni.