Maji Tohara, Je, Ni Salama Kunywa?



Likizo iliyopita nilirudi kijijini kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda. Karibu na msikiti wetu kuna chemchemi yenye kidimbwi kikubwa. Hapo tunatawadha, na hapo majirani wanachota maji ya kunywa. Kwa kuwa nasomea afya ya jamii, nilibeba vichupa vya kupimia maji. Baada ya siku mbili maji ndani yake yaligeuka meusi, dalili kwamba yameingiwa na vijidudu vya kinyesi. Mzee mmoja wa msikiti akaniuliza, "Mwanangu, unasema miaka yote hii tumeswali bila udhu?"

Ndugu zangu, swali hilo lina majibu mawili.

Kwanza, udhu. Katika madhehebu ya Shafi, maji yaliyofika kulatayni, yaani kama lita 200 hivi, hayanajisiki mpaka najisi ibadilishe rangi, ladha au harufu yake. Maji yetu hayakubadilika. Udhu wa mzee ulikuwa sahihi.

Pili, kunywa. Vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu havionekani kwa macho, wala havina ladha. Shirika la Afya Duniani linataka katika mililita 100 za maji ya kunywa kisipatikane hata kijidudu kimoja cha E. coli. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa tohara na bado yakamuua mtoto. Na sheria yetu haikuishia kwenye tohara. Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, akaonya dhidi ya kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, na akaamrisha vyombo vifunikwe usiku. Hiyo ni kinga, kabla ya ugonjwa.

Tulipanda na mzee kuangalia uchafu unatoka wapi. Hatua chache juu ya chemchemi tulikuta choo. Kilikuwa cha msikiti wenyewe. Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Ijumaa nitawaambia watu mimi mwenyewe."

Alisema kweli, na kazi ikaanza. Choo kilifukiwa, kikachimbwa kingine upande wa chini, zaidi ya mita 30 kutoka kwenye maji. Juu ya chemchemi tulichimba mtaro wa kuelekeza maji ya mvua pembeni. Tulizungushia uzio ng'ombe wasiingie. Kinachofuata ni kujenga ukuta wa mawe, kuziba kwa udongo wa mfinyanzi na kuweka bomba, ili mtu akinge maji bila kuchovya chombo.

Kazi hiyo haiondoi wajibu wa nyumbani. Maji safi huchafuka ndani ya jerikeni chafu. Ioshe, ifunike, na chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa.

Unapoenda likizo, panda juu ya chanzo cha maji cha kwenu uangalie kuna nini. Ukikuta kosa, anza na wazee, kwa adabu. Sayidna Uthman (r.a.) alinunua kisima cha Ruma akakitoa kwa Waislamu. Sisi wanafunzi hatuna fedha hizo, lakini jembe na elimu tunavyo.

Wabillahi tawfiq.