Kurudi Traiathloni: Pumzi Hutangulia, Kano Hufuata

Traiathloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, saa haisimami. Tangu Sydney 2000 imo kwenye Olimpiki: kilomita 1.5 majini, 40 kwa baiskeli, 10 kwa miguu.

Wewe uliyeiacha miaka mingi na sasa unataka kurudi, jua kwamba mwili haurudi wote kwa pamoja. Ukianza mazoezi, maji ya damu huongezeka ndani ya siku chache, moyo husukuma damu nyingi zaidi kila pigo, na baada ya wiki kadhaa pumzi iko poa. Kano na mifupa huhitaji miezi. Hapo ndipo wengi huumia: pumzi inasema twende, kisigino kinasema bado.

Kwa hiyo anza na mashindano mafupi: mita 750, kilomita 20, kilomita 5. Mazoezi mengi yafanye majini na kwenye baiskeli, maana mguu haupigwi na ardhi kila hatua. Mbio ziongeze kidogokidogo, hata siku unayojisikia mwepesi. Ukiamka kesho yake bila maumivu, basi umbali wa jana ulikufaa.